Cheti cha mnarani hakirushi ndege

Mtu anayeshinda kwenye mnara wa kiwanja cha ndege akiwaambia marubani shuka, panda, subiri, zunguka kwanza, mwisho naye hutamani kushika usukani. Ndiyo maana wapo waongoza ndege wenye leseni ya urubani binafsi: Ijumaa wanamaliza zamu, Jumamosi alfajiri wako ndani ya Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja. Kazi ni mbili, mwili ni mmoja, na kwenye cheti cha afya cha mwili huo, ambacho kila kazi inadai cha kwake, ndipo maneno ya vijiweni yanapokosea. Nimechukua yale ninayoyasikia mara nyingi.

“Daraja la 3 ni la chini, kwa hiyo vipimo vyake ni vyepesi”

Namba imeponza wengi. Leseni za anga za Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi zimejengwa juu ya Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Humo, cheti cha afya cha daraja la 1 ni cha marubani wa biashara, la 2 ni la marubani binafsi, na la 3 ni la waongoza ndege. Hizo si ngazi za kupanda. Ni kazi tatu zilizopewa namba.

Tazama macho. Mwongoza ndege anatakiwa aone 6/9 kwa kila jicho (akiwa mita 6 aone kile ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 9) na 6/6 kwa yote mawili, miwani ikiruhusiwa. Ni kipimo kilekile cha rubani anayebeba abiria mia tatu. Rubani binafsi wa daraja la 2 anapita akiwa na 6/12 kwa kila jicho na 6/9 kwa yote mawili. Kwenye masikio, mwongoza ndege hatakiwi kuwa amepoteza zaidi ya desibeli 35 za usikivu katika sauti za hezi 500, 1,000 na 2,000 (hezi ikipanda, sauti huwa nyembamba zaidi), wala zaidi ya desibeli 50 katika hezi 3,000. Kigugumizi kikali kinachoharibu mawasiliano kinamkosesha cheti. Na rangi zina kazi yake: redio ya ndege ikikatika, mnara huzungumza kwa taa ya kijani, nyekundu na nyeupe, na wa kuichagua taa hiyo ni mwongoza ndege.

Sasa vuka bahari uone namba zinavyopinduka. Marekani daraja la 3 ndilo la rubani binafsi, na mwongoza ndege wa mnara anayebanwa na sharti la cheti hutakiwa awe na angalau daraja la 2. Kwa uoni wa mbali, daraja la 3 la Marekani linaridhika na 20/40, yaani 6/12 yetu. Daraja la 2 linadai 20/20, yaani 6/6. Kwa hiyo mwongoza ndege wa Dar es Salaam anayekwenda Florida kusomea urubani, mkononi ana cheti cha daraja la 3, asijidanganye kwamba ndicho kile wanachokitaka chuoni. Vinafanana tarakimu tu.

“Kazini nimeshapimwa, hicho kinatosha”

Hapa ndipo penye utata mkubwa, na Marekani ni mfano mzuri kwa sababu jibu linategemea nani anakulipa mshahara.

Kanuni za mamlaka ya anga ya Marekani (FAA), Sehemu ya 65, zinamtaka mwongoza ndege wa mnara awe na cheti cha afya cha daraja la 2 au zaidi, kisha zinawatoa wafanyakazi wa FAA yenyewe na wa majeshi. Mfanyakazi wa FAA hachunguzwi kidogo, la hasha. Anapewa kibali cha kiafya kwa utaratibu wa mwajiri wake. Lakini kibali ni kibali na cheti ni cheti. Kibali kinamweka mbele ya skrini ya rada. Jumamosi akitaka kurusha ndege inayohitaji cheti cha afya, lazima awe amekiomba na kukipata kama rubani mwingine yeyote.

Mwenzake aliyeko kwenye mnara unaoendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba wa FAA yuko tofauti. Yeye ana cheti chenyewe cha daraja la 2, na karatasi hiyo moja inamfaa mnarani na angani. Ila inazeeka kwa kasi mbili. Chukua mtu wa miaka 34 aliyepimwa tarehe 10 Machi 2025. Kwa kazi ya mnara, cheti kinaisha 31 Machi 2026, maana ni miezi 12 na hesabu husogezwa hadi mwisho wa mwezi. Kwa urubani binafsi, cheti hichohicho kinaendelea kuwa hai kama daraja la 3 hadi 31 Machi 2030, miezi 60. Angekuwa amefikisha miaka 40 siku ya kupimwa, miezi hiyo 60 ingekuwa 24. Unaweza basi kuwa na karatasi iliyokufa kazini lakini hai kiwanjani, na ukaonekana mwongo mbele ya mtu asiyejua.

Kwa utaratibu wa ICAO hakuna karatasi ya namna hiyo. Daraja la 3 linadumu miezi 48, likishuka hadi 24 baada ya miaka 40. La 2 linadumu miezi 60, nalo likishuka hadi 24 katika umri huohuo. Baada ya miaka 50 ICAO inapendekeza miezi 12 kwa yote mawili. Umoja wa Ulaya umekaza zaidi kwa waongoza ndege: miezi 24 hadi umri wa miaka 40, kisha 12. Tena huko Ulaya daraja la 1 hubeba ndani yake daraja la 2, lakini la 3 limesimama peke yake. Anayefanya kazi zote mbili ana tarehe mbili za kukumbuka, na ningemshauri aziandike sehemu moja.

“Mwili ni uleule, kwa hiyo majibu ni yaleyale”

Mfano unaoua dhana hii ni ujauzito. Viwango vya ICAO vinapendekeza kwamba rubani mwenye mimba isiyo na matatizo, akiwa chini ya uangalizi wa daktari, aendelee kurusha ndege kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26. Mwongoza ndege mwenye mimba ya namna hiyohiyo anaweza kuendelea hadi mwisho wa wiki ya 34. Mama mwenye leseni zote mbili, akiwa wiki ya 30, anaingia zamu asubuhi akiwa fiti kabisa, na mchana wa siku hiyohiyo hana ruhusa ya kukaa kiti cha rubani. Hakuna kilichobadilika mwilini. Kilichobadilika ni kiti.

Ukielewa hilo, mengine yanajieleza. Angani kuna shinikizo la hewa linalobadilika na kubana masikio na pua, oksijeni inapungua kadiri unavyopanda, na mara nyingine hakuna wa kukupokea usukani. Mnarani hakuna hayo, lakini kuna sauti kumi zinazoingia kwa pamoja usiku wa manane, na hakuna muda wa kusema “rudia tena” kila mara.

“Mafua na Piritoni ni mambo ya marubani”

Si kweli. ICAO inamkataza mwenye leseni yoyote, wa mnarani na wa angani, kutumia haki za leseni yake pale anapojua afya yake imepungua kiasi cha kuhatarisha usalama, hata kama cheti kimetoka jana. Piritoni inaleta usingizi popote ulipo. Difenhidramini, dawa nyingine ya mzio inayouzwa dukani bila cheti cha daktari, FAA inataka usubiri saa 60 tangu dozi ya mwisho ndipo urushe ndege. Pombe huko Marekani ni saa 8, kwa rubani na kwa mwongoza ndege vilevile.

“Akistaafishwa mnarani, na angani amekwisha”

Mwongoza ndege wa FAA huondoka kwa lazima akiwa na miaka 56, isipokuwa wachache wanaoongezewa muda. Rubani wa mashirika makubwa ya abiria huko anaendelea hadi 65, na rubani binafsi hana ukomo wa umri. Umri wa kustaafu mnarani ni sharti la ajira, haukati leseni ya urubani.

“Nikinyimwa cheti, nitarusha kwa leseni ya gari”

Marekani ina milango ya kurusha ndege bila cheti cha afya. Vitelezi, yaani ndege zinazoelea hewani bila kutegemea injini, havihitaji cheti. Rubani wa ndege nyepesi za michezo anaweza kutumia leseni ya udereva. Tangu Mei 2017 kuna pia BasicMed: unapimwa na daktari wa kawaida mwenye leseni kila miezi 48, unasoma kozi ya mtandaoni kila miezi 24, na tangu Novemba 2024 unaruhusiwa ndege yenye uzito wa hadi pauni 12,500 yenye abiria wasiozidi sita. Mwongoza ndege anaweza kupita hapo kwa safari zake binafsi, ila BasicMed haimweki mnarani hata dakika moja.

Kosa ni kudhani milango hiyo ni ya waliokataliwa. BasicMed inataka uwe umewahi kushika cheti cha FAA baada ya 14 Julai 2006, na kisiwe kimefutwa au kusimamishwa cha mwisho ulichokuwa nacho. Leseni ya gari nayo inakataa kazi kama ombi lako la mwisho la cheti lilikataliwa. Kwa hiyo anayeomba daraja la 2 kwa ajili ya mnara, akajua fika kwamba atashindwa, anaweza kujifungia na mlango wa Jumamosi. Cheti kimoja hakikukingi kwa kingine, lakini habari mbaya husafiri bila pasipoti.

“Ugonjwa huu ukijulikana, basi, heri ninyamaze”

Hofu hii naielewa, na ndiyo inayoleta hasara kubwa kuliko zote. ICAO haifungii nje mwenye VVU moja kwa moja. Inataka achunguzwe na ionekane hali yake haitaathiri kazi. Kwa kisukari cha insulini kiwango cha ICAO ni kikali, hakimpitishi, lakini FAA ilianza kuwapa cheti marubani wa daraja la 3 wenye kisukari hicho mwaka 1996 na kufungua madaraja yote mwaka 2019, kila mmoja kwa faili lake.

Kuficha ni jambo jingine. Fomu ya FAA ina onyo la faini ya hadi dola 250,000 na kifungo kisichozidi miaka 5, na uongo mmoja kwenye fomu hiyo unairuhusu FAA kufuta vyeti vyako vyote vya anga, cha mwongoza ndege kikiwemo. Rubani mmoja wa California aligundulika na VVU mwaka 1985, akaacha cheti chake kife kwa kuwa wakati huo wenye VVU hawakupewa. Mwaka 1994 aliomba tena bila kutaja. Serikali ilipolinganisha orodha ya marubani na ya watu waliolipwa fedha za ulemavu, jina lake likatokea pande zote mbili. Mwaka 2006 alikiri kosa, akapewa miaka miwili ya uangalizi na faini ya dola 1,000. Alishtaki kwamba siri yake imevujishwa, kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 2012, akashindwa.

Kabla ya hukumu hiyo alikuwa ameomba leseni upya, safari hii akiweka mezani ugonjwa na matibabu yake yote. FAA iliyasoma, ikamrudishia leseni na cheti cha afya.