Umri wa tairi la pikipiki: yanayosemwa na ukweli wake

"Meno bado yapo, tairi ni zima."

Meno yanaonyesha tairi limelika kiasi gani, hayasemi lina miaka mingapi. Mpira huzeeka hata pikipiki ikiwa imeegeshwa: hewa, ozoni, joto na jua huukausha na kuukakamaza. Mpira uliokakamaa haushiki barabara vizuri, na hilo utaligundua siku ya mvua, ukikamata breki ghafla kwenye lami iliyolowa.

"Umri unahesabiwa tangu siku ya kununua."

Unahesabiwa tangu lilipotoka kiwandani, na tarehe imechapwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha fuata mstari huo hadi mwisho. Tarakimu nne za mwisho, mara nyingi zikiwa ndani ya duara lililorefuka, ndizo wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, yaani mwanzoni mwa Juni. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, usilifunge. Usichanganye tarehe na saizi, kama 3.00-18 au 90/90-18.

Mara nyingi tarehe huwa upande mmoja tu, na kwa gurudumu la nyuma huenda ikawa upande wa mnyororo, chini ya grisi na vumbi. Sugua kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mulika tochi kwa pembeni, zungusha gurudumu polepole. Dukani fanya hivyo kabla ya kulipa. Anayekuuzia tairi "jipya" lenye miaka mitano amekuuzia umri usioutumia.

"Likifika miaka mitano ni la kutupa."

Hapa watu huzidisha. Ushauri wa watengenezaji wengi ni huu: baada ya miaka mitano ya matumizi, lifanyiwe ukaguzi wa fundi angalau mara moja kwa mwaka; likitimiza miaka kumi tangu kutengenezwa, libadilishwe hata kama linaonekana jipya. Katikati ya hapo, hali yake ndiyo inayoamua. Mzigo mkubwa na upepo mdogo hulizeesha mapema, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu hujikunja sana na kuchemka.

Kagua likiwa limepoa. Angalia sehemu tatu: chini kabisa ya mifereji, ubavuni, na pale tairi linapokutana na ringi. Bonyeza meno kwa ukucha. Mpira mzima hubonyea kidogo na kurudi, uliozeeka hukataa kama plastiki. Kipimo hiki ni cha kukisia tu, ila ukilinganisha na tairi jipya la aina hiyohiyo tofauti huonekana. Nyufa za juujuu ni ishara ya kuanza kulifuatilia. Nyufa zilizozama, nyuzi kuonekana, au nundu ubavuni ni mwisho wa safari: nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na hakuna kiraka cha kuziunga.

"Lililokaa stoo halizeeki."

Ndani ya mpira mna nta ya kuukinga dhidi ya ozoni, na tairi linapojikunja barabarani nta hiyo hutokeza juu. Likikaa tu, kinga hiyo inapungua. Lihifadhi penye giza, pakavu na baridi, mbali na petroli, na mbali na mashine za kuchomelea na mota za umeme, kwani hutoa ozoni.

"Dawa ya kung'arisha hulirudisha."

Inaficha nyufa, basi. Zile zenye asili ya petroli zinaweza hata kuondoa kinga ya mpira, na ikifika kwenye meno utateleza. Maji na sabuni yanatosha.

"Ngoja liwe kipara."

Ndani ya mifereji kuna vinundu vya kupimia, vinavyoonyeshwa na herufi TWI au pembetatu ubavuni. Meno yakilingana navyo, badilisha. Kwa pikipiki vinundu hivi mara nyingi vina urefu wa takriban milimita 0.8, na sheria za baadhi ya nchi zinadai kina zaidi ya hapo. Pima katikati ya tairi la nyuma, kwa sababu ndipo linapolika haraka. Pembeni huweza kubaki kama jipya na kukudanganya. Tairi lililolika katikati hadi kuwa bapa pia hufanya pikipiki ilale kwa ghafla kwenye kona. La mbele likilika kwa mabonde, angalia upepo na shokapu kwanza, la sivyo jipya nalo litalika hivyohivyo. Kuchonga mifereji upya kwa kisu kunapunguza mpira unaofunika nyuzi. Fundi anayekushauri hivyo mkimbie.

"Tairi jipya, tyubu ya zamani."

Tyubu hutanuka kwa kutumika. Ukiirudisha ndani ya tairi jipya inaweza kujikunja, ikasuguka kwenye mkunjo huo na kutoboka. Funga tyubu mpya, hakikisha mshale wa ubavuni unafuata mwelekeo wa mzunguko, na kwa kilomita 150 za mwanzo usilale sana kwenye kona wala kukamata breki kwa nguvu bila sababu.