Mkono Ulikumbuka, Mwenyewe Akasahau: Utafiti wa Brenda Milner Kuhusu Ubongo

Ndugu wanaowaleta wazee kliniki kwa tatizo la kusahau huwa na swali moja linalowatatiza: inakuwaje bibi aweze kuwataja wote waliohudhuria harusi yake, na mahari iliyotolewa, lakini asikumbuke kwamba amekunywa chai nusu saa iliyopita? Wapo wanaodhani anajifanya, na wapo wanaoshuku kuwa amerogwa. Jibu lilianza kupatikana miaka ya 1950 kwa kazi ya mwanasaikolojia Brenda Milner, ambaye vifaa vyake vilikuwa penseli, karatasi na subira.

Milner alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1918, akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati kabla ya kuhamia saikolojia. Mwaka 1944 alihamia Kanada, na mwaka 1950 akaanza kuwapima wagonjwa wa Wilder Penfield, bingwa wa upasuaji wa ubongo mjini Montreal, aliyekuwa akitibu kifafa kisichosikia dawa kwa kuondoa kipande cha ubongo upande mmoja, usawa wa sikio. Wagonjwa wawili walitoka katika upasuaji huo wakiwa wamepoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Milner na Penfield walikisia kwamba upande wa pili, ambao haukuguswa, ulikuwa umekwisha kuharibika tangu zamani. Mmoja wa wagonjwa hao alipofariki baadaye, ubongo wake ulithibitisha kwamba hawakukosea.

Taarifa yao ilimfikia William Scoville, daktari wa upasuaji mjini Hartford, Marekani, aliyekuwa na mgonjwa wa hali kama hiyo, tena iliyo mbaya zaidi. Mwaka 1953 alikuwa amemfanyia upasuaji kijana wa miaka 27, Henry Molaison, ambaye vitabu vilimtaja kwa herufi H.M. tu hadi alipofariki mwaka 2008. Scoville aliondoa sehemu za ndani za ubongo wa kijana huyo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kidogo kilichojikunja kama farasi wa baharini. Kifafa kilipungua sana, lakini gharama yake ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1955 Milner alipanda treni kwenda kumwona, akamkuta ni mtu mpole, mwenye akili timamu na lugha fasaha, anayesema kuwa huo ni mwaka 1953. Milner akitoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi, ilimbidi ajitambulishe upya.

Siku moja Henry alipewa namba 584 aikumbuke, akaachwa peke yake. Baada ya robo saa na zaidi aliitaja bila kukosea, akaeleza kuwa tarakimu hizo zikijumlishwa zinafanya 17, ukitoa 8 inabaki 9, na 9 ukiigawa unapata 5 na 4. Dakika moja baadaye mawazo yake yalipovutwa kwingine, hakujua tena namba hiyo wala kama aliwahi kupewa. Kushika jambo akilini kwa muda, basi, ni kazi moja. Kulihifadhi ni kazi nyingine.

Jaribio la nyota ndilo lililowashangaza wanasayansi, na kwangu mimi linabaki kuwa zuri kuliko yote. Henry alitakiwa kupitisha penseli katikati ya mistari miwili iliyochorwa kwa umbo la nyota, huku mkono wake umefichwa na akiutazama kupitia kioo tu. Yeyote anayejaribu hukosea mwanzoni, kwa kuwa mkono huelekea upande usiotarajiwa. Henry alirudia kwa siku tatu mfululizo, makosa yakipungua, na siku ya tatu akachora vizuri tangu mwanzo. Mwenyewe, asiyekumbuka kuiona nyota hiyo hata mara moja, alistaajabu kwamba kazi ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Ujuzi wa mkono, kumbe, una njia yake katika ubongo, nayo haiitegemei hipokampasi.

Tukimrudia bibi yetu, katika ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo na kumbukumbu polepole uzeeni, hipokampasi na maeneo yanayopakana nayo ni miongoni mwa sehemu zinazoanza kuharibika, wakati kumbukumbu za ujanani zimekwisha kujikita kwingineko. Chai ya leo haikuhifadhiwa, kwa hiyo kumkumbusha kwa ukali hakusaidii. Lakini ukimpa ukili, vidole vyake huenda vikausuka kama zamani. Hata hivyo, si kila anayesahau ana ugonjwa huo. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na baadhi ya dawa huleta dalili zinazofanana nao, na mengi kati ya haya yanatibika, ndiyo sababu mzee hupimwa kwanza kabla ya ugonjwa wake kupewa jina.