"Imekarabatiwa yote kwa simenti": hiyo si sifa ya nyumba ya mawe

Nimetumiwa tena tangazo la nyumba. Safari hii ni nyumba ya zamani ya ghorofa moja, shamba, kaskazini mwa Bububu hapa Unguja, karibu kabisa na bahari: baraza mbele, mlango wa kuchonga, minazi nyuma. Picha zake nzuri kwa kweli. Chini ya picha dalali ameandika kwa fahari: "Imekarabatiwa yote kwa simenti, haina kazi tena." Aliyenitumia ni kijana wa nyumbani aliyeko Muscat, naye akaongeza: "Shikamoo fundi. Hii si ndiyo? Angalau ukuta wake haumong'onyoki."

Marahaba. Ukuta wake unamong'onyoka, ila kwa ndani, mahali usipopaona.

Kauli hii nimeisikia kwa madalali, kwa warithi, kwa wageni wanaotafuta pa kufungua hoteli ndogo na, linaloniuma zaidi, kwa mafundi wenzangu: chokaa ni dhaifu, simenti ndiyo nguvu. Nimechoka kuijibu kwenye simu, basi naiandika hapa.

Ukuta wa nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yakapangwa kwa udongo mwekundu na chokaa, unene nusu mita au zaidi. Ndani yake hamna kitu kisichonyonya maji. Jiwe lina matundu, udongo unanyonya, chokaa inanyonya. Msingi umekaa juu ya ardhi bila lami wala nailoni, na ardhi ya pwani ina maji ya chumvi. Maji hayo yanapanda ukutani mwaka mzima, na masika yanazidi. Waliojenga walilijua hilo, na hawakushindana nalo. Waliyaachia maji njia: yanapanda kidogo, yanatokea kwenye lipu ya chokaa, upepo wa bahari unayakausha. Chumvi inabaki kwenye lipu, lipu inachakaa taratibu, na ikishachakaa unaibandua na kupiga nyingine. Lipu inaliwa ili ukuta ubaki. Anayeona lipu ya chokaa inapukutika akasema nyumba inaoza, anaiona kinga akidhani ni ugonjwa.

Sasa funika ukuta huo kwa simenti, na juu yake rangi ya plastiki. Ni sawa na kumvisha mtu koti la mvua akalima mchana wa kaskazi, msimu wa joto na jua kali. Maji yanayopanda kutoka chini hayapungui hata tone kwa sababu umepiga lipu ngumu. Yanachokosa ni pa kutokea. Basi yanapanda zaidi. Unyevu uliokuwa ukiishia magotini unafika kifuani, halafu unafika kwenye vichwa vya boriti. Chumvi nayo, ambayo zamani iliganda kwenye lipu, sasa inaganda nyuma ya simenti, kwenye uso wa jiwe lenyewe, na chumvi ikiganda inasukuma. Simenti ni ngumu kuliko tumbawe na imelishika barabara, kwa hiyo siku ikibanduka haiji peke yake.

Ukikipata kipande kilichobanduka, usikitupe. Kigeuze. Mbele utaona rangi nyeupe na kijivu safi, hakina hata ufa. Nyuma kimeshika vipande vya jiwe, vumbi jekundu la udongo, na ganda jeupe linalomeremeta. Lionje kwa ncha ya ulimi: ni chumvi. Pale kilipotoka, ingiza kidole. Mara nyingi kinaingia mpaka kiungo cha pili, kwa sababu udongo ulioshika mawe umegeuka unga. Huo ndio ukuta ambao tangazo linasema hauna kazi tena.

Watu hunijibu kwa Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la masultani pale Forodhani, Mji Mkongwe. "Mbona ile ilianguka, na ni ya chokaa?" Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo lile iliporomoka wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Ni msiba, na silitaji kwa wepesi. Lakini Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Lilipita mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, ile iliyolimaliza Beit al-Hukm lililokuwa jirani yake. Kisha likaendelea kusimama zaidi ya karne nzima mbele ya bahari. Jengo lenye umri huo na lililokwisha kuguswa na mikono mingi hivyo haliwezi kuwa ushahidi kwamba chokaa ni dhaifu.

Ukitaka ushahidi, toka mjini. Nenda Marhubi, kasri ya Barghash ya mwaka 1882. Moto wa 1899 ulikula kila kilichokuwa mti, nguzo za mawe na chokaa zikabaki, na bado zipo bila paa la kuzifunika. Nenda kasri ya Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Said, mwaka 1844. Nenda hamamu za Kidichi, za 1850, uingie chini ya yale makuba. Jengo la hamamu kazi yake ni mvuke na maji, na limejengwa kwa hiyo hiyo chokaa mnayoiita dhaifu.

Sakafu wengi hawaifikirii kabisa. Mwenye nyumba anamwaga zege chini, anaweka vigae, anafurahi kwamba unyevu wa sakafuni umekwisha. Hakuna kilichokwisha. Ardhi chini ya chumba ilikuwa ikipumua kupitia sakafu ya chokaa. Umeifunga, na maji yamehamia pembeni, yanapanda kutani kwa wingi kuliko zamani. Nikiingia nyumba ya namna hii naangalia vigae kwanza, ukuta baadaye. Vigae vipya vinavyong'aa, halafu juu yake mstari wa unyevu usawa wa kiuno kuzunguka chumba kizima: mambo hayo mawili ni jambo moja.

Juu nako kuna yake. Boriti za mikoko hazivuki nafasi kubwa, mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Mkarabati anazitoa, anamwaga zege lenye nondo. Wenzangu husema tatizo ni uzito. Mimi silishiki sana hilo, kwa sababu dari ya zamani ya boriti, mawe na chokaa iliyopondwa nayo ilikuwa nzito mno. Kinachonitia hofu ni kuta zilizokatwa ili zege likae, na mchanga. Nyumba iko pwani, mchanga uko mlangoni, nani atalipia gari la mchanga wa kutoka mbali? Mchanga wa pwani una chumvi, nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kwa chini. Ukiona mistari ya kahawia kwenye dari nyeupe, usiambiwe ni maji ya bati.

Halafu kuna kile kipimo cha ndimu. Eti kamulia ndimu ukutani, ikitoa povu ni chokaa, isipotoa ni simenti. Tafadhali tuache. Mchanga wetu mweupe wenyewe ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na ndimu inautoa povu vilevile. Lipu ya simenti iliyochanganywa na mchanga huo itakutolea povu, na wewe utatia saini ukiwa umefurahi. Tumia ufunguo. Kwaruza mahali pa kificho, nyuma ya mlango au ndani ya kidaka, yaani shubaka la ukutani: chokaa inakwaruzika, nyeupe au ya rangi ya maziwa; simenti ni kijivu na ufunguo unateleza. Gonga kwa vifundo vya vidole ukipanda toka chini. Palipo na sauti ya utupu, lipu imeachana na ukuta. Boriti zichome kwa msumari mrefu pale zinapoingia ukutani. Katikati zitakuwa ngumu daima, hapo usipoteze muda.

Na uliza nyumba imepakwa rangi lini. Nyumba iliyopakwa baada ya masika na kuonyeshwa wanunuzi wakati wa kaskazi itapendeza hata iwe imekufa. Rudi masika ikinyesha. Dalali akikuharakisha kabla ya mvua, hiyo nayo ni habari.

Haya yote hayamaanishi kwamba chokaa ni kazi rahisi. Inakaza kwa kuvuta hewa, taratibu, na inataka unyevu wakati ikikaza. Lazima uikinge na jua kwa magunia yaliyoloweshwa, upige tabaka jembamba, usubiri, upige jingine. Mwenye nyumba anayelipa vibarua kwa siku anakuona unamchezea. Tena kuna maswali ambayo mimi mwenyewe sijayamaliza. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaotia simenti kidogo kwenye chokaa ili ishike upesi. Nimeona kazi zao zilizodumu na zilizoharibika, na mpaka wa hicho "kidogo" siwezi kuutaja kwa kuapa. Kubwa zaidi ni kuni. Kuchoma mawe yawe chokaa kunakula magogo mengi sana, na boriti nazo zinatoka kwenye mikoko ile ile tunayoambiwa, kwa haki kabisa, tuilinde. Ninapohimiza chokaa najua ninahimiza pia tanuu na shoka. Nyumba chache za zamani naona zinastahili. Nyumba mpya zijengwe kwa matofali na simenti yao, sina ugomvi nazo.

Karatasi nazipita haraka, si fani yangu, ila usizipite wewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Zanzibar ya 1992 ardhi ni ya umma chini ya Rais. Unachopata ni nyumba na haki ya kuitumia ardhi, na kwa asiye raia mambo ni mengine tena. Uliza Kamisheni ya Wakf kama nyumba ni wakfu. Uliza minazi ni ya nani, maana kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe wake na ardhi na wake. Warithi wote wasikie kwa masikio yao, na yule aliyeko Dubai pia.

Umeshainunua, na simenti ipo. Uitoe? Hapa vitabu vina jibu moja na ukuta una jingine. Simenti iliyoshika barabara ukiing'oa kwa tindo inang'oka na jiwe, na nimeona kuta zilizoumia zaidi kwa kutibiwa kuliko kwa ugonjwa. Mimi naanza na ile iliyokwisha kuachia, ile yenye sauti ya utupu, toka chini hadi kiunoni, nje kwanza. Naacha mawe wazi kaskazi nzima yapate upepo, nafagia chumvi inayotoka, ndipo napiga chokaa. Ya juu iliyoshika naiacha mpaka iachie yenyewe. Vigae navibandua kandokando ya kuta, ardhi ipate pa kupumulia.

Kabla ya kufika bei, mwombe mwuzaji ruhusa ya kubandua kipande kimoja cha lipu, ukubwa wa sahani, chini ya dirisha lililoelekea baharini, kwa gharama yako. Akikataa, ifanyie hesabu nyumba hiyo kana kwamba lipu yote na boriti zote ni za kubadilishwa, na umtajie bei hiyo.