Skrini ya mguso si lazima ikubali kalamu

Wengi wanaonijia kutafuta kompyuta mpakato ya kuandikia kwa mkono ni wanafunzi wa uhandisi, hisabati na kemia, na wana sababu nzuri. Aya ya historia unaichapa kwa kibodi bila shida. Lakini mlinganyo wenye sehemu juu ya sehemu, na mchoro wa saketi pembeni, huku mhadhiri ameshafuta ubao? Kibodi haikusaidii. Swali lao la kwanza huwa, "Fundi, hii ni tachi?" Natamani wangeuliza, "Hii inakubali kalamu?"

Skrini nyingi za mguso zimetengenezwa kwa ajili ya kidole tu. Ndani ya kioo kuna mtandao wa nyuzi zisizoonekana zenye umeme kidogo, na kidole kikigusa kinaubadilisha umeme wa mahali pale. Zile kalamu za bei chee zenye kipira nchani zinaiga kidole, ndiyo maana ncha zake ni nene. Kompyuta haiwezi kuzitofautisha na kiganja chako. Ukilaza mkono, nao unachora, kwa hiyo unalazimika kuandika mkono ukiwa hewani, na mwandiko unaharibika. Usinunue kalamu hiyo kwa ajili ya masomo.

Kalamu yenyewe hasa inawasiliana na skrini kwa mawimbi. Skrini huitambua kabla haijagusa kioo, ikiwa bado juu kama sentimita moja, na hapo hapo kompyuta huanza kukipuuza kiganja. Hata nguvu unayokandamizia hupimwa, mstari ukanenepa au kukonda.

Sasa shida ni kwamba kalamu hizi haziingiliani. Surface Pro ya kwanza na ya pili, kompyuta za Microsoft za mwaka 2013, zilitumia teknolojia ya kampuni ya Wacom iitwayo EMR, ambayo kalamu yake haihitaji betri. S Pen ya Samsung nayo ni ya ukoo huo. Surface Pro 3 ilipotoka mwaka 2014, Microsoft ilihamia teknolojia ya kampuni ya N-trig, ambayo leo inajulikana kama MPP. Matokeo yake, ukichukua Surface Pro 2 ya mtumba na kalamu ya Surface Pro 3, havielewani kabisa, ingawa majina yanafanana. Kuna pia aina nyingine mbili: AES ya Wacom, utakayoikuta kwenye ThinkPad X1 Yoga, na USI kwenye baadhi ya Chromebook. Apple Pencil ni ya iPad. Usiilete kwenye mashine ya Windows.

Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, washa mashine. Kwenye Windows 10 au 11 fungua Settings, kisha System, kisha About, utafute mstari ulioandikwa "Pen and touch". Ukisoma "Touch support" peke yake, hiyo ni ya vidole tu, na muuzaji akiapa vipi hakuna kalamu itakayoibadilisha. Ukisoma "Pen and touch support", kipokezi cha kalamu kipo. Kilichobaki ni kujua ni cha aina gani; chukua namba kamili ya modeli uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kalamu ikiwepo, isogeze karibu na kioo bila kugusa: nukta ndogo ionekane ikiifuata. Kisha weka rula mshazari, upige mstari polepole sana. Mstari ukitoka na mawimbi mawimbi, herufi zako ndogo nazo zitayumba, hasa ukiwa mtu wa kuandika taratibu. Mimi jaribio hili naliamini kuliko zile namba za viwango 4096 vya mkandamizo wanazotangaza kwenye boksi. Hizo zina maana kwa mchoraji. Kwa notsi, 1024 zinatosha sana.

Angalia bawaba pia. Skrini isiyokunjika mpaka nyuma itanesa kila unapoigusa, na baada ya kipindi kimoja mkono umechoka. Tafuta inayogeuka nyuzi 360, au ile inayochomoka kibodi. Kioo kinene cha kulinda skrini kiondoe, kinaitenga ncha na wino. Ukiona kioo kinateleza mno, bandika karatasi ya plastiki isiyong'aa. Inaleta msuguano mzuri, ila inakula ncha haraka, kwa hiyo nunua ncha za akiba. Kalamu nyingi za zamani hutumia betri ya AAAA, nyembamba kuliko AAA, na si kila duka la umeme linayo. Ukipata ya kuchaji kwa waya, chukua hiyo.

Kwa programu, OneNote inafaa kama unataka ukurasa usio na mwisho na mashine yako ina intaneti ya kuaminika. Kwa wanaopewa mihadhara kwa PDF napendekeza Xournal++: ni ya bure, inaandika juu ya PDF yenyewe na haihitaji mtandao. Faili zake huishia na .xopp, ambazo simu ya mwenzako huenda isizifungue, kwa hiyo kabla hujamtumia mtu notsi, zitoe kwanza kama PDF.