Kuchemsha maji hakuondoi aseniki

Juzi mama mmoja wa Katuba aliniletea chupa ya maji ya kisima chake nipime. "Docta, nimeyachemsha kwanza, yawe safi." Kauli hii naisikia kila mahali Lubumbashi, hata kwa watu waliosoma, na sasa naomba tuelewane.

Moto unaua kilicho hai. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo vinakufa maji yakitokota, kwa hiyo endeleeni kuchemsha. Lakini aseniki ni elementi yenye sumu, haina uhai wa kupotezwa, na ikishayeyuka ndani ya maji haipandi na mvuke. Yanayopanda ni maji. Chukua lita 10 zenye mikrogramu 20 kwa lita, uziache jikoni mpaka zibaki lita 8: kila lita sasa ina mikrogramu 25. Umemaliza makala ya jiko, na sumu imekolea.

Watu wakisikia hivyo wanakimbilia javeli. Hapa ndipo panaponiudhi, maana jibu si "haifai" tu. Aseniki ya ardhini, kule kusikofika hewa, mara nyingi huwa katika umbo la aseniti, ambalo ni gumu kunasa. Klorini iliyo ndani ya javeli huigeuza kuwa aseneti, na aseneti hushika vizuri kwenye kutu ya chuma. Kwa hiyo javeli ikifuatwa na chujio lenye chuma ina kazi kubwa. Javeli peke yake ndani ya bidoni inaua vijidudu tu. Aseniki inabaki yote. Chujio la kauri nalo linazuia tope na vijidudu, si kitu kilichoyeyuka.

"Lakini maji yetu yanang'aa." Aseniki haina rangi, harufu wala ladha. Kule Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, visima vya bomba vilichimbwa kwa wingi ili watoto waache maji ya madimbwi yaliyowaua kwa kuhara. Maji yalikuwa maangavu. Aseniki iligunduliwa mwaka 1993, mamilioni ya watu wakiwa wameshayanywa. Madoa ya ngozi, viganja na nyayo kuwa ngumu, saratani ya ngozi, mapafu na kibofu: yote huchukua miaka kujitokeza.

Sisemi kila kisima chetu kina sumu. Ila mawe ya Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, yana tenantiti, madini ya shaba, salfa na aseniki. Na mjini shaba ilianza kuyeyushwa mwaka 1911. Kupima ni haki yetu.

Kipimo chenyewe kina udhaifu. Kile cha kubeba mkononi hugeuza aseniki kuwa gesi, na gesi hiyo hupaka karatasi rangi ya njano hadi kahawia. Karibu na mikrogramu 10, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, njano hiyo ni hafifu, na mafundi wawili wanaweza kuisoma tofauti. Hapo sitoi jibu mpaka sampuli ipite kwenye mashine. Hata hiyo 10 ni kiwango cha muda, kilichowekwa kwa kuangalia pia ugumu wa kupima na kusafisha. Chini yake hakuna ahadi ya usalama kamili.

Na usiniletee matokeo ya jirani. Visima viwili vya ua mmoja vinaweza kutofautiana sana. Vuta maji dakika kadhaa kwanza, suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze, uilete. Bila kuchemsha.