Farfetch, Matches na wenzao: yanayosemwa na yaliyotokea

Wiki moja kabla ya Krismasi ya 2023, maduka mawili makubwa ya nguo za kifahari mtandaoni yalipata wamiliki wapya kwa bei ya kutupa. Farfetch, ambayo mwanzoni mwa 2021 ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 20 kwenye soko la hisa la New York, ilinusuriwa na Coupang, kampuni ya biashara ya mtandaoni ya Korea Kusini, kwa dola milioni 500, na waliokuwa wameshika hisa zake hawakuambulia kitu. Siku mbili baadaye Matches ya London ikauzwa kwa Frasers Group, kampuni ya maduka ya Uingereza, kwa takriban pauni milioni 52. Mwaka 2017 ilipochukuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Apax, thamani yake iliripotiwa kukaribia dola bilioni moja. Haikumaliza miezi mitatu mikononi mwa Frasers kabla ya kuwekwa chini ya ufilisi, Machi 2024. Oktoba mwaka huohuo Richemont, kampuni yenye chapa za anasa, ikatangaza kuachana na duka lake la mtandaoni la Yoox Net-a-Porter, na Agosti 2025 duka jingine la mtandaoni, SSENSE ya Montreal, likaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai.

Tangu hapo kila mtu ana sababu yake. Nyingine zina chembe ya ukweli, nyingi hazina kabisa, na zinarudiwa hata na watu wanaotaka kuweka mtaji wao kwenye biashara ya nguo mtandaoni. Hilo ndilo linalonifanya nizichambue moja moja.

“Baada ya Korona watu walirudi madukani, mtandao ukabaki mtupu.”

Ni kweli kwamba 2020 na 2021, maduka yakiwa yamefungwa, mauzo ya mtandaoni yalipanda kwa kasi isiyo ya kawaida, na milango ilipofunguliwa kasi hiyo ikapungua. Lakini watu hawakuacha kununua mtandaoni. Kwa hesabu za kampuni ya ushauri ya Bain, karibu moja ya tano ya bidhaa za kifahari duniani bado hununuliwa huko. Kilichobadilika ni mlango ambao mteja anaingilia.

Wenye chapa walifunguka macho. Kwa miaka mingi waliwaachia wengine kazi ya mtandaoni kwa sababu waliiona haina hadhi, kisha wakagundua kwamba mteja anayetaka mkoba wa Gucci hahitaji kupitia kwa mtu wa kati. Kering, mmiliki wa Gucci na Saint Laurent, ilitangaza mwaka 2018 kwamba itazichukua tovuti za chapa zake kutoka mikononi mwa Yoox Net-a-Porter iendeshe yenyewe. Chapa nyingine zikapunguza kuuza kwa bei ya jumla na kuleta masharti mapya: mzigo unabaki wangu, bei napanga mimi, wewe utapata kamisheni. Chanel hadi leo haiuzi nguo wala mikoba yake mtandaoni. Utapata manukato, vipodozi na miwani tu. Hermès ina tovuti, lakini mkoba wake maarufu wa Birkin huukuti pale. Maduka haya tangu mwanzo yaliishi kwa ridhaa ya watu ambao siku yoyote wangeweza kuwa washindani wao, na siku hiyo ilifika.

“Farfetch ilikuwa na maghala yaliyofurika nguo.”

Hapa ndipo wengi wanapokosea zaidi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Farfetch haikumiliki nguo ilizouza. José Neves, Mreno aliyeianzisha mwaka 2007, alikuwa na wazo ambalo mtu yeyote wa Kariakoo atalielewa bila maelezo: alikuwa winga. Mzigo ulikuwa kwenye maduka madogo ya Italia, Ufaransa na kwingineko. Yeye alileta mteja na kuchukua takriban 30% ya bei.

Uzuri wa wazo hilo ulikuwa kwenye tofauti ya bei. Mkoba uleule huuzwa kwa bei nafuu zaidi Milan kuliko Shanghai au New York, kwa sababu chapa hupanga bei kwa nchi. Mteja wa Shanghai akinunua kupitia Farfetch kutoka duka la Italia alipata nafuu kubwa hata baada ya gharama ya usafiri. Maduka ya Italia yakaanza kuagiza mzigo mkubwa kuliko ambavyo wakazi wa mji wao wangeweza kuuvaa, kwa sababu walijua mnunuzi yuko upande wa pili wa dunia.

Chapa hazikufurahi kuona mali zao zikiuzwa Asia chini ya bei waliyoipanga wenyewe. Zikawabana wenye maduka, zikawapunguzia mgawo, wengine zikawanyima kabisa. Mwenye duka akikosa mzigo, winga hana cha kutembeza. Neves alilijua hilo mapema, na naamini ndiyo maana akaanza kununua kampuni kwa pupa: duka la Browns la London mwaka 2015, Stadium Goods ya viatu vya michezo kwa dola milioni 250 mwaka 2018, kisha New Guards Group ya Italia, yenye leseni ya kutengeneza nguo za chapa ya Off-White, kwa dola milioni 675 mwaka 2019. Agosti 2022 akakubaliana pia na Richemont kuchukua 47.5% ya Yoox Net-a-Porter. Mtu asiye na ghala akawa na maghala, viwanda na madeni. Mwishoni mwa 2023 pesa taslimu zilikuwa zinakauka, na makubaliano na Richemont yakafa kabla hayajakamilika. New Guards yenyewe iliomba ulinzi dhidi ya wadai nchini Italia mwaka uliofuata.

“Lakini Farfetch iliwahi kupata faida ya zaidi ya dola bilioni moja.”

Vitabu vya mwaka 2021 vinasema hivyo kweli: faida ya takriban dola bilioni 1.47. Ukisoma ukurasa wa mbele tu utadhani biashara ilikuwa inachanua. Faida hiyo haikutokana na kuuza hata soksi moja.

Farfetch ilikuwa imekopa kwa hati ambazo mkopeshaji angeweza kuzigeuza kuwa hisa. Bei ya hisa ikipanda, deni hilo huhesabika kubwa zaidi. Ikishuka, huhesabika dogo, na tofauti huandikwa kama mapato. Mwaka 2021 hisa zilianguka karibu nusu, deni likasinyaa kwenye karatasi, na vitabu vikaonyesha faida. Mwaka uliotangulia, hisa zikiwa zinapaa, vitabu vilikuwa vimeonyesha hasara ya zaidi ya dola bilioni 3 kwa njia hiyohiyo ikigeuzwa. Kwenye kazi yenyewe ya kuuza nguo, kampuni ilikuwa ikipoteza mamia ya mamilioni ya dola. Mwekezaji mdogo aliyeweka akiba yake kwa kuangalia ule mstari wa mwisho aliumizwa na kitu kilichokuwa halali kabisa kisheria.

“Punguzo huleta wateja, na wateja ndio uhai wa duka.”

Tuchukue gauni moja na tulifuate. Dukani London linauzwa pauni 1,000. Ndani ya bei hiyo kuna VAT ya 20%, kwa hiyo kinachobaki kwa duka ni kama pauni 833. Tuseme duka lililinunua kwa mbunifu kwa bei ya jumla ya pauni 400. Limebakiwa na 433, ambazo zinatosha kulipa wapiga picha, mishahara, ghala na matangazo.

Sasa gauni limedoda mwezi wa pili, na duka la jirani mtandaoni limeshusha bei. Unaweka punguzo la 40%. Bei inakuwa 600, VAT ikitoka inabaki 500, ukitoa 400 za mbunifu unabakiwa na pauni 100. Kutoka kwenye hizo 100 ulipe sanduku na utepe, msafirishaji, ada ya kadi, na tangazo la Google au Instagram lililomleta yule mteja. Kisha mteja analijaribu, halimkai vizuri mabegani, analirudisha. Duka limeahidi kurudisha bure, kwa hiyo msafirishaji analipwa mara ya pili, mtu ghalani analikagua, analipiga pasi, analikunja upya, na fedha zote za mteja zinarudi kwake. Gauni likiuzwa tena wiki tatu baadaye, msimu umeshapita.

Huduma nazo zilizidi kuwa za gharama. Mwaka 2017 Net-a-Porter ilianza kuwapelekea wateja wake wakubwa wa London nguo nyumbani, na aliyezileta akasubiri mlangoni wakati mteja akijaribu moja moja, kisha akaondoka na zilizokataliwa. Kwa anayenunua nguo za maelfu ya pauni kwa bei kamili, hilo linalipa. Kwa anayengoja punguzo, hakuna hesabu itakayofunga.

Na punguzo hufundisha. Mteja aliyeona koti la pauni 1,000 likiuzwa 600 mara tatu mfululizo hatalipa 1,000 tena, na chapa inayoona jina lake limepigwa msitari mwekundu kila Novemba itaondoa mzigo wake. Maduka haya yalishushiana bei wao kwa wao, na wateja walikuwa walewale wakihama kutoka tovuti moja hadi nyingine.

“Tajiri hatikiswi na hali ya uchumi.”

Tajiri kweli, pengine. Ila mauzo ya anasa yaliinuliwa na watu wa kipato cha kati waliojinyima wakanunua viatu au mkoba mmoja kwa mwaka. Hao ndio waliotoka. Bain inakadiria kwamba wanunuzi wa bidhaa za kifahari walipungua kwa takriban milioni 50 ndani ya miaka miwili kufikia 2024. Mfumuko wa bei uliwabana, na chapa zenyewe zikaongeza bei bila huruma: mkoba wa Chanel wa mnyororo, ule wa saizi ya kati, ulivuka euro 10,000 mwaka 2024.

“Ni ushuru wa Trump.”

Kwa SSENSE, kwa sehemu. Vifurushi vya chini ya dola 800 vilikuwa vikiingia Marekani bila ushuru, na msamaha huo ulifutwa tarehe 29 Agosti 2025, siku ambazo kampuni ilikuwa ikielekea mahakamani. Ila Farfetch na Matches zilikuwa zimeanguka zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo, na ushuru haukuwepo.

“Wakianguka, wanaoumia ni matajiri wenzao.”

Dhana hii inanikera kuliko zote. Tazama jinsi mzigo unavyofika dukani. Mbunifu mdogo, mwenye wafanyakazi wanne au watano, anapata oda kutoka duka kubwa. Ananunua kitambaa kwa fedha zake au kwa mkopo, analipa mafundi, analipa usafiri, anapeleka mzigo. Analipelekea duka ankara ya kulipwa baada ya siku 30, 60, wakati mwingine zaidi. Ni mali kauli, na kauli ndiyo dhamana pekee aliyonayo.

Kampuni ikiingia kwenye ufilisi, benki na wakopeshaji wenye dhamana wanatangulia. Mbunifu yuko kwenye kundi la wadai wasio na dhamana, mwisho wa foleni, na mara nyingi huishia kupata senti chache kwa kila pauni au kukosa kabisa. Wakati huohuo nguo zake bado zimening'inia ghalani, na msimamizi wa ufilisi anaweza kuziuza kwa bei ya chini kabisa ili kukusanya fedha, isipokuwa kama mkataba ulieleza wazi kwamba mzigo ni mali ya mbunifu hadi alipwe. Wengi mikataba yao haikusema hivyo. Matches ilipenda sana wabunifu wachanga. Ndiyo sifa iliyoijenga tangu Tom na Ruth Chapman walipofungua duka lao Wimbledon mwaka 1987. Kwa hiyo waliokuwa na mengi ya kupoteza walikuwa hasa wale wasio na akiba ya kuhimili pigo hilo. Takriban nusu ya wafanyakazi wake zaidi ya 500 waliachishwa kazi mara moja. Na wiki chache baadaye Frasers ilinunua tena jina na haki za chapa ya Matches kutoka kwa wasimamizi wa ufilisi, bila yale madeni. Sheria inaruhusu. Mimi naona sheria hiyo inahitaji kurekebishwa, na mdai mdogo asogezwe mbele ya foleni.

“Zote zimekwisha.”

Hapana. Mytheresa ya Munich ilianza kama duka la kawaida mwaka 1987, ikafungua tovuti mwaka 2006, na ikaendelea kukua wakati wenzake wakizama. Haikutafuta kila mtu. Wateja chini ya watano katika kila mia walikuwa wakiiletea karibu 40% ya mauzo, na hao ndio iliowahudumia, kwa bei kamili, na kwa mizigo ambayo chapa zilikubali kuitengenezea yenyewe tu.

Ndiyo iliyoichukua Yoox Net-a-Porter. Richemont, ya Mwafrika Kusini Johann Rupert, ilikuwa imelipa takriban euro bilioni 2.7 mwaka 2018 ili kuimiliki yote. Katika makubaliano ya 2024 iliikabidhi bila deni, ikiwa na euro milioni 555 taslimu ndani yake, na kupokea 33% ya hisa za Mytheresa. Makabidhiano yalikamilika Aprili 2025 na kundi zima sasa linaitwa LuxExperience. Coupang nayo, baada ya kupunguza watu na matumizi, ilisema mwishoni mwa 2024 kwamba uendeshaji wa Farfetch umekaribia kuacha kula fedha. Kuna wanaolipia gharama ya kupona huku: Septemba 2025 wafanyakazi zaidi ya 200 wa Yoox Net-a-Porter nchini Italia waliambiwa nafasi zao zinafutwa, na vyama vyao vikaingia kwenye mgogoro na mwajiri mpya.