Kikosi cha watu 10 kinatosha

Hapa Goma, kila nikitandaza vijisanamu vyangu mezani naulizwa: na jeshi lenyewe liko wapi? Watu wanaamini mchezo wa vita vya vijisanamu, wenye wachawi na mazimwi, unadai askari mia na pesa ya kununua pikipiki. Si kweli.

Ipo michezo ya mapigano madogo. Katika Frostgrave, iliyotoka Uingereza mwaka 2015, unaanza na watu wasiozidi 10: mchawi, mwanafunzi wake, na askari 8 wa kukodi. Dadu ni ya pande 20. Wawili wakikabiliana, kila mmoja anarusha yake na kujumlisha uwezo wake wa kupigana. Mwenye jumla kubwa ndiye anayepiga. Vijisanamu vya kampuni yoyote vinafaa.

Na magofu ya mji wa barafu ambamo mchezo huu unapiganwa? Mawe meusi ya volkano yetu ya Nyiragongo, yale yenye matundu, yamejaa hadi mlangoni kwetu. Nilipanga sita, nikapaka chokaa kwenye ncha ionekane theluji, na mpiga mishale wangu akajificha nyuma yake vizuri kabisa. Alipouawa niliumia. Katika kumi, kila mmoja unamjua.